Niseme Kiasi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siri Zako na Mtaalamu wa Afya ya Akili

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshaamua kumwona mshauri nasaha, mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili, lakini bado anajiuliza atasema nini akishaketi mbele yake na nini atabaki nacho moyoni. Baadhi ya majibu ni marefu kuliko mengine kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Je, ninalazimika kumweleza mtaalamu kila kitu?

Hapana. Ridhaa uliyoitoa ya kutibiwa haikuondolei haki ya kuchagua utakachokisema na wakati utakaokisema. Ni kweli kwamba Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliwataka wagonjwa wake waseme lolote linalowajia akilini bila kuchuja, hata likionekana la kipuuzi au la aibu, na huenda ndiyo sababu watu wengi wanaamini hadi leo kwamba tiba ya mazungumzo ni aina ya kuungama. Tiba nyingi zinazotumika sasa hazidai hivyo. Ile inayolenga fikra na mienendo, kwa mfano, hujishughulisha zaidi na kinachokusumbua wiki hii kuliko na kila kilichokupata tangu utotoni.

Badala ya kujiuliza useme mangapi, jiulize hivi: jambo hili nisipolisema, mtaalamu atakosea wapi? Kama kutolijua kutamfanya akupe dawa isiyokufaa, auite ugonjwa wako kwa jina lisilo lake, au akuone uko salama wakati hauko, basi jambo hilo ni sehemu ya matibabu na linapaswa kusemwa mapema. Kama kutolijua hakubadilishi chochote katika msaada anaokupa, ni lako, na una haki ya kubaki nalo.

Jambo jingine la kuzingatia, ambalo litajitokeza tena hapa chini, ni kwamba kunyamaza na kudanganya ni mambo mawili. Anayesema, "Kuna jambo kuhusu ndoa yangu ambalo siko tayari kulizungumzia," amempa mtaalamu picha pungufu lakini ya kweli, na mtaalamu anajua pengo liko wapi. Anayesema, "Ndoa yangu haina tatizo lolote," hali inamuumiza kila siku, amempa picha kamili ya mtu mwingine, na matibabu yote yataelekezwa kwa mtu huyo asiyekuwepo.

Ni mambo gani ambayo hayafai kusubiri hadi nimzoee?

Ni machache, na la kwanza ni hatari: mawazo ya kujiua, kujidhuru, kumdhuru mtu mwingine, au kuishi na mtu anayekupiga au kukutishia. Swali la mawazo ya kujiua lina jibu lake hapa chini.

La pili ni kila kinachoingia mwilini mwako, kiwe cha hospitalini, cha dukani, cha mganga au cha mtaani. Hapa aibu inaweza kugharimu maisha. Lithiamu, ambayo hutumika sana kutibu ugonjwa wa baipola (wa kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi), ina nafasi nyembamba kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru, na dawa za kawaida za maumivu kama ibuprofeni zinaweza kukipandisha kiwango chake katika damu hadi kikawa sumu. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zikichanganywa na pombe hudhoofisha upumuaji, na mchanganyiko huo umeua watu. Mmea uitwao St John's wort, ambao watu huununua bila cheti cha daktari wakiamini kwamba cha asili hakidhuru, ukitumiwa pamoja na dawa nyingi za sonona unaweza kuzidisha kemikali ya serotonini mwilini kiasi cha kuhatarisha maisha. Valproeti, dawa nyingine ya baipola na ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke mjamzito, au anayefikiria kupata mimba, anapaswa kulisema hilo hata kama bado ni siri kwa familia nzima. Kuhusu pombe, taja kiasi halisi, usitaje kile ambacho ungependa kiwe: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na daktari asiyejua hawezi kumkinga.

La tatu ni historia ya ugonjwa, yako na ya ndugu zako wa damu. Mtu anayefika akiwa amelemewa na huzuni huonekana wazi kuwa na sonona. Lakini ikiwa aliwahi kupitia majuma ya kulala saa mbili au tatu bila kuchoka, kutumia fedha ovyo na kujiona hakuna litakalomshinda, huenda ugonjwa wake ni baipola, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrudisha katika hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Watu hawayataji majuma hayo, na si kwa kuficha: wao hawakuyaona kuwa ugonjwa, waliyaona kuwa siku zao nzuri. Kadhalika tezi ya thairoidi inayofanya kazi pungufu huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na sonona, kwa hiyo yale unayoyadhani ni ya daktari wa kawaida tu, yaseme hapa pia.

Nilitendewa ukatili zamani. Je, lazima nisimulie kilichotokea?

Si lazima, na hasa si katika kikao cha kwanza. Inatosha kusema kwamba kilitokea. Sentensi moja kama, "Nilidhalilishwa kingono nilipokuwa mtoto, na kwa sasa sitaki kueleza zaidi," inampa mtaalamu karibu yote anayoyahitaji ili asikugonge kidonda bila kujua, bila wewe kulazimika kuyapitia tena mbele ya mtu uliyemfahamu kwa nusu saa.

Daktari Judith Herman, ambaye maandishi yake ya mwaka 1992 yaliathiri sana namna kiwewe kinavyotibiwa, aligawa safari ya kupona katika hatua tatu, na ya kwanza ni usalama. Kuyakumbuka na kuyaomboleza yaliyopita huja baadaye. Kuna wakati ilidhaniwa kwamba watu waliotoka katika janga wakikalishwa mara moja na kutakiwa wasimulie kila kitu watakingwa na madhara ya baadaye. Desturi hiyo ilipochunguzwa haikuonyesha faida iliyotarajiwa, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi itumike. Kwa hiyo mtaalamu anayekuchimba kwa pupa akitaka kila undani siku ya kwanza hafuati mwongozo wa taaluma yake, na ukimwambia apunguze mwendo hujamkosea adabu.

Hata hivyo, aina ya tiba ndiyo huamua undani utakaohitajika baadaye. Ile iliyoendelezwa na mwanasaikolojia Edna Foa humtaka mgonjwa alisimulie tukio kwa undani, mara kwa mara, hadi kumbukumbu ipoteze makali yake. Ukiichagua hiyo, kuruka sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni kuiacha dawa chupani. Ile ya kufuatisha macho kwa mwendo wa mkono, ambayo Francine Shapiro aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980, yaweza kufanyika mgonjwa akisema machache sana kuhusu tukio lenyewe. Uliza mapema ni njia gani itatumika na inadai useme nini, kisha uamue.

Nikisema kwamba ninafikiria kujiua, je, nitafungiwa hospitalini?

Hofu hii ndiyo inayowanyamazisha watu wengi, na inastahili jibu lisilozunguka. Mtaalamu anayesikia neno hilo kwa kawaida hakimbilii simu. Huanza kuuliza: mawazo huja mara ngapi, je, ni kutamani tu usiamke kesho au umefikiria namna ya kufanya, je, una kifaa au dawa karibu, je, umepanga siku, je, uliwahi kujaribu, na ni nini kimekuzuia hadi leo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua hatua inayofuata. Watu wengi wenye mawazo ya namna hiyo hurudi nyumbani siku ileile wakiwa na mpango wa usalama ulioandikwa: dalili zinazoonyesha hali inaanza kuwa mbaya, mambo ya kujituliza, watu wa kuwapigia, na namna ya kuweka mbali vitu vya kujidhuru. Mtu huzuiwa hospitalini bila ridhaa yake pale tu hatari inapoonekana kuwa kubwa na ya karibu, na hata hapo sheria huweka masharti.

Kwa sababu hiyo usahihi unakulinda kuliko ukimya. Ukisema, "Mawazo huja karibu kila usiku, sijapanga chochote, na ninataka yakome," umempa kitu cha kufanyia kazi. Mtaalamu akiachiwa maneno ya mafumbo na machozi hubaki kukisia, na mwenye kukisia huchukua tahadhari zaidi. Dodoso la PHQ-9, linalotumika katika vituo vingi kupima ukali wa sonona, lina maswali 9, na la mwisho linahusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Ukiweka sifuri hapo ilhali si kweli, umeliondoa jambo zito kuliko yote mezani. Na usiogope kwamba kulitaja kutalikuza, kwani tafiti zimeonyesha kuwa kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Kama umeshapanga, una cha kutumia na unahisi utafanya leo, usisubiri miadi wala usimalize kusoma ukurasa huu: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, naye akufikishe hospitali yenye huduma ya dharura.

Nina mawazo ya kutisha ambayo hata mimi mwenyewe yananichukiza. Je, nikiyasema nitaonekana mtu hatari?

Mama anayeona akilini akimwangusha mtoto wake mchanga, mcha Mungu anayesikia matusi kichwani katikati ya sala, mtu mpole anayehofu kwamba atamchoma kisu mgeni wake: haya yote mtaalamu ameshayasikia, pengine wiki hii. Mawazo yanayovamia akili bila kualikwa huwapata watu wengi, na yanapojirudia na kumfanya mtu aepuke visu, watoto au ibada, huenda ni ugonjwa wa mawazo ya kujirudia na vitendo vya kulazimika, ambao unatibika. Kinachomsaidia mtaalamu kupambanua ni uhusiano wako na wazo lenyewe. Je, unalitaka au unalikimbia? Wagonjwa wa namna hii kwa kawaida huogopa kabisa kile wanachokiwaza, na wengi hukaa na siri hiyo miaka mingi kabla ya kutamka neno.

Ukiogopa kuanza na wazo lenyewe, anza na aina yake: "Nina mawazo ya kumdhuru mtu ambayo siyataki na yananiogopesha." Sema sehemu zote mbili. Mtu akitaja wazo peke yake bila kutaja kwamba halitaki, ameacha nje nusu iliyo muhimu zaidi, na mtaalamu asiye na uzoefu wa ugonjwa huu anaweza kumwelewa vibaya.

Usiri wa mtaalamu una mipaka gani?

Yapo mambo ambayo mtaalamu anaruhusiwa, na mara nyingine analazimika, kuyatoa nje. Kwa kawaida ni haya: hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yako, tishio kwa mtu anayejulikana, mtoto au mtu asiyeweza kujitetea anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Undani wake hutegemea sheria ya nchi na bodi inayosimamia taaluma husika.

Mfano unaotajwa sana katika mafunzo ya wataalamu ni kesi ya Tarasoff huko California. Mwanafunzi mmoja alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba angemuua msichana fulani, na mwaka 1969 akamuua kweli. Polisi walikuwa wamearifiwa lakini msichana na familia yake hawakuonywa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kumlinda anayelengwa. Upande wa pili wa mizani upo pia: mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jaffee na Redmond, ilikubali kwamba mazungumzo ya siri kati ya mgonjwa na mtaalamu wake wa tiba hayawezi kulazimishwa kutolewa katika mahakama za shirikisho, kwa hoja kwamba bila imani hiyo tiba yenyewe haiwezekani.

Lisilokumbukwa ni kwamba mipaka hii unaweza kuiuliza kabla hujasema lolote, nawe ukauliza kwa mfano wa kubuni: "Mteja akikwambia kwamba alimpiga mtoto wake, wewe hufanya nini?" Mtaalamu mzuri atajibu bila kukasirika. Asipotaka kujibu, umeshapata jibu.

Vipi kama nimewahi kuvunja sheria?

Kwa jumla, mipaka ya usiri huangalia hatari iliyopo au ijayo zaidi kuliko kosa lililokwisha. Mtu anayesema kwamba aliiba kazini miaka iliyopita na dhamiri inamsuta yuko mbali sana na yule anayesema atamvamia jirani kesho. Unyanyasaji wa watoto huwa na sheria zake, na katika maeneo mengi hata wa zamani unaweza kulazimu taarifa, hasa ikiwa mtuhumiwa bado yuko karibu na watoto wengine. Kama una kesi inayoendelea au unayoitarajia, zungumza na wakili kwanza; hilo ni jambo ambalo mshauri nasaha hawezi kukushauri, hata akikutakia mema kiasi gani.

Ni nani mwingine atakayeona yaliyoandikwa kunihusu?

Watu wengi huwaza sana kuhusu masikio ya mtaalamu na kusahau kalamu yake. Kilichosemwa huishia katika faili, na faili linaweza kuonekana na watumishi wengine wa kituo, na msimamizi wa kitaaluma ambaye mtaalamu hujadiliana naye kazi yake, na kampuni ya bima ikiwa ndiyo inayolipa, kwani bima kwa kawaida hudai angalau jina au namba ya ugonjwa kabla ya kulipa. Uliza mambo matatu: nini huandikwa, nani hukiona, na hutunzwa kwa muda gani. Katika baadhi ya nchi daftari binafsi la mtaalamu hutenganishwa na faili kuu. Sheria ya Marekani iitwayo HIPAA, kwa mfano, huyapa maandishi ya tiba ya mazungumzo yaliyotunzwa kando ulinzi wa ziada. Unaweza kuomba kwamba jambo fulani, tuseme jina la mtu uliyekuwa na uhusiano naye, lisiandikwe ikiwa si la lazima kwa matibabu, na mara nyingi utakubaliwa.

Hofu ya faili kuvuja si ya kijinga. Oktoba 2020 nchini Ufini ilijulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya Vastaamo zilikuwa zimeibwa. Mwizi alikidai kituo fedha, kisha akawageukia wagonjwa mmoja mmoja, na baadhi ya maelezo yao ya ndani kabisa yakawekwa kwenye intaneti. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo kwa uhalifu huo mwaka 2024, lakini maandishi yakishasambaa hayakusanyiki tena. Fundisho ninalolipata mimi katika tukio hilo ni kuchagua kwa makini yanayoandikwa, wala simshauri mtu kufunga mdomo kwa ajili yake. Waliofichuliwa walikuwa wamefanya jambo sahihi. Aliyekosea ni aliyepewa dhamana ya kutunza.

Je, programu za ushauri za kwenye simu ni salama vilevile?

Zichunguze zaidi, kwa sababu hapo unampa siri mtaalamu na pia kampuni inayomwunganisha nawe. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiamuru kampuni ya BetterHelp kulipa dola milioni 7.8 ili kumaliza madai kwamba iliwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo, ilhali iliwaahidi usiri. Dodoso la kujiunga ndilo mtego: hujazwa haraka, kabla hujajua nani yuko upande wa pili. Jaza yale ya lazima, na mengine yaweke kwa ajili ya mtaalamu mwenyewe. Usitumie simu wala barua pepe ya kazini, na hakikisha hakuna anayeweza kukusikia ulipo.

Nimetumwa na mahakama, au na mwajiri wangu. Je, majibu haya yananihusu?

Kwa sehemu ndogo tu. Daktari aliyeagizwa na mahakama akupime hafanyi kazi kwa ajili yako. Ripoti yake ni ya mahakama, na anapaswa kukwambia hivyo kabla ya kuanza. Kwa aliyetumwa na mwajiri, dai kujua kwa maandishi kama mwajiri ataarifiwa tu kwamba ulihudhuria, au ataelezwa na uliyoyasema. Mambo mazito ya moyoni yanahitaji mtaalamu mwingine, uliyemchagua mwenyewe.

Tunahudhuria mimi na mwenzi wangu. Naweza kumwambia mtaalamu siri peke yake?

Uliza kabla ya kufanya hivyo. Wataalamu wengi wa ndoa hukataa kubeba siri ya mmoja dhidi ya mwingine, kwa hiyo ukimpigia simu usiku na kumweleza kwamba una mtu nje ya ndoa, anaweza kukutaka ulifichue katika kikao kijacho au avunje tiba ya pamoja. Wengine huruhusu kikao cha mmoja mmoja chenye usiri wake. Jambo moja halimo katika kanuni hiyo: ikiwa mwenzi wako anakupiga au kukutishia, mweleze mtaalamu ukiwa peke yako, wala usilifungue mbele yake, kwa kuwa mtakaporudi nyumbani mtaalamu hatakuwepo.

Mimi sijafikisha umri wa mtu mzima. Wazazi wangu wataambiwa?

Inategemea umri wako na sheria, lakini desturi njema ni kwamba mtaalamu hukaa na mzazi na kijana mwanzoni na kukubaliana nini kitabaki kati ya kijana na mtaalamu, na nini mzazi ataelezwa. Kwa kawaida mzazi huelezwa habari za usalama na mwendo wa jumla wa matibabu. Omba makubaliano hayo yasemwe waziwazi mkiwa wote chumbani.

Vipi kuhusu siri za watu wengine?

Sema zinavyokugusa wewe na uache majina. "Ndugu yangu wa karibu ana ugonjwa anaouficha nami ndiye ninayemhudumia" inatosha kabisa.

Nimeshamdanganya mtaalamu wangu. Nifanye nini?

Uko pamoja na wengi. Katika utafiti wa Matt Blanchard na Barry Farber uliochapishwa mwaka 2016, watu 547 waliowahi kupata tiba ya mazungumzo waliulizwa kama waliwahi kumdanganya mtaalamu wao, na asilimia 93 walikiri kwamba waliwahi. Uongo uliotajwa zaidi haukuwa wa uovu mkubwa. Ulikuwa wa kupunguza ukali wa mateso yao wenyewe, kujifanya wana nafuu. Kwa hiyo mtaalamu mwenye uzoefu hategemei ukweli wote siku ya kwanza, na ukirudi na kusema, "Nilichokwambia kuhusu pombe si sahihi, nilikuwa naona haya," utamwona akilipokea hilo kama hatua. Kama uongo unahusu dawa au hatari, mpigie kabla ya miadi ijayo.

Aina moja ya uongo ni ngumu kusahihisha kuliko zote, nayo ni ile inayomhusu mtaalamu mwenyewe: kujifanya mazoezi aliyokupa yanakusaidia, au kwamba maneno yake ya wiki iliyopita hayakukuumiza. Watu huvumilia miezi mingi kwa adabu. Adabu hiyo inawagharimu wao peke yao.

Nitaanzaje kusema jambo gumu?

Andika kwanza. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliandika kuhusu matukio yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, na wengi wameitumia njia hiyo tangu wakati huo. Huna haja ya kumkabidhi mtaalamu karatasi yote. Unaweza kusoma aya moja, au kumpa akasome mwenyewe huku wewe ukitazama kwingine. Njia nyingine ni kuzungumzia kizuizi kabla ya jambo lenyewe: mwambie unachohofia kitatokea akishajua, na mjadili hofu hiyo kwanza.

Angalia pia saa. Ni kawaida sana kwa mgonjwa kulitoa jambo zito akiwa ameshika kitasa cha mlango, kikao kimekwisha, kwa kuwa hapo hawezi kuulizwa zaidi. Ukijiona unafanya hivyo kila mara, anza kikao kijacho kwa kusema kwamba kuna jambo ungependa lipate nafasi mapema.

Nitajuaje kama mtaalamu hastahili siri zangu?

Anakusimulia habari za wateja wengine kwa namna inayoweza kuwatambulisha. Anauliza undani wa mambo ya kimapenzi bila kueleza unahusiana vipi na tatizo lako. Anakutaka umfichie yeye siri, kwa mfano kwamba mnakutana nje ya ofisi. Anakuhubiria badala ya kukusikiliza. Dalili ya pili au ya tatu ikitokea, acha kwenda na upeleke malalamiko kwa bodi inayomsajili. Swali lolote unaweza kulijibu kwa swali: "Kujua hilo kutasaidiaje?" Mwenye sababu ataitaja.

Je, siri zangu zinalindwa hata nikifa?

Kanuni za taaluma kwa jumla husema ndiyo, ingawa warithi na mahakama huweza kupewa nafasi. Mshairi wa Marekani Anne Sexton alifariki mwaka 1974, na mwaka 1991 ilibainika hadharani kwamba daktari wake wa zamani alikuwa amempa mwandishi wa wasifu wake kanda zilizorekodiwa katika vikao, kwa idhini ya binti wa Sexton, jambo lililozusha mabishano makali miongoni mwa wataalamu. Ikiwa vikao vyako vinarekodiwa, ulizia kanda hizo zitafutwa lini.

Nilisema mengi mno katika kikao kilichopita na sasa naona haya kurudi. Nifanyeje?

Hali hii huwapata watu wengi siku moja au mbili baada ya kufunguka, nayo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya waache tiba ghafla. Kama unaweza, rudi na uanze na aibu hiyo yenyewe kabla ya kuendelea na mada. Unaweza kumwomba msizungumzie tena jambo lile kwa vikao kadhaa, naye anapaswa kukubali isipokuwa kama linahusu usalama wako. Unaweza pia kumuuliza alifikiri nini aliposikia, kwa kuwa mara nyingi kinachomtesa mtu ni jibu alilolibuni yeye mwenyewe nyumbani. Ukiona huwezi kabisa kurudi kwake, mtumie ujumbe mfupi umwombe akuelekeze kwa mtaalamu mwingine na, ukiridhia, amkabidhi muhtasari wa mambo utakayoyachagua wewe, ili usilazimike kuyasema yote upya.